Tufani ya Unguja, Soko la Unyanyembe

Mhadhara wa wazi uliotolewa Tabora



Leo nitazungumza habari za bahari katika mji usio na bahari. Kutoka hapa hadi Bagamoyo, kwa njia waliyopita babu zetu na mizigo mabegani, ni zaidi ya kilomita 800. Mtoto wa Tabora hukua akijua miombo, asali, tumbaku na maembe. Mawimbi huyasoma shuleni. Hata hivyo nataka kuwaonyesha asubuhi hii kwamba siku moja ya Aprili mwaka 1872, upepo uliovuma Unguja kwa saa chache uliwafikia watu wa Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, katika biashara yao, madeni yao na vita vyao. Nataka pia kuonyesha kwamba kuusahau upepo ule ni hatari kwetu sisi wa bara, kama ilivyo hatari kwa ndugu zetu wa pwani.

Wazee walisema zamani: wakipiga zumari Unguja, wacheza bara maziwa. Kwa kawaida tunautumia usemi huo tunapoeleza utawala na biashara. Mimi nitautumia kueleza hali ya hewa.

Majira na imani ya pwani

Watu wa pwani wana kalenda ya upepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu na Desemba na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika baada ya Aprili na kuyarudisha. Katikati yake ni maleleji, wakati pepo hazijakata shauri, na ndipo masika humwagika. Nahodha, mvuvi, mkwezi wa minazi na mwenye duka, wote walipanga mwaka wao kwa kalenda hiyo. Mvua kubwa waliijua, na dhoruba za kusi zinazopindua ngalawa waliziogopa. Kimbunga kamili, cha kung'oa mji na mashamba, kilikuwa habari ya watu wengine: watu wa Mauritius, watu wa Madagaska, watu wa Bara Hindi.

Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Vimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na huanza kuzunguka kwa msukumo unaotokana na dunia yenyewe kujizungusha. Karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Tabora iko nyuzi 5. Vimbunga vingi vya upande huu wa Bahari ya Hindi hutembea kusini zaidi na kuishia Mauritius, Réunion, Madagaska au Msumbiji, na kisiwa kikubwa cha Madagaska hukinga sehemu ya pwani yetu. Kwa hiyo mtu aliyesema Unguja haipigwi na kimbunga alikuwa amesema kweli kwa muda mrefu sana. Hatari ya jambo adimu ndiyo hiyo. Kila mwaka linapokosa kutokea, watu huhesabu kwamba halipo.

Siku ya tarehe 15 Aprili 1872

Ilikuwa Jumatatu. Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Unguja, alikuwa hajamaliza miaka miwili kwenye kiti cha baba yake na kaka yake. Bandarini palikuwa na meli zake, meli za wageni na majahazi mengi ya biashara. Upepo ulipomaliza kazi yake, karibu vyombo vyote vilikuwa vimezama au vimetupwa ufukweni. Kundi la meli la sultani, ambalo lilikuwa fahari na nguvu ya dola iliyodai pwani yote hii, likawa mbao. Meli ya Glasgow, ile iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, ilitengenezwa Uingereza miaka kadhaa baadaye ili kufidia sehemu ya hasara ile.

Upande wa pili wa mlango wa bahari, Bagamoyo nayo ilipigwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni pale mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Majengo yao mengi yalianguka, na kazi ya miaka minne ikabidi kuanzwa upya. Kama nyumba za misheni zilianguka, tunaweza kukadiria yaliyozipata nyumba za makuti za wavuvi na vibanda vya wapagazi.

Hasara kubwa kuliko zote ilikuwa mashambani. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa. Nawaomba ndugu zangu wakulima wa Tabora mtulie kidogo kwenye jambo hili. Tumbaku ikiharibika mwaka huu, mwakani unapanda tena. Mkarafuu hauko hivyo. Mche hukaa miaka sita, saba, hata minane kabla ya kuzaa vizuri, na hufikia nguvu zake kamili baada ya muda mrefu zaidi. Mwenye shamba aliyeamka Jumanne na kukuta miti yake imelala hakupoteza mavuno ya msimu mmoja. Alipoteza mapato ya karibu miaka kumi. Na wengi wao walikuwa tayari wameweka mashamba yao rehani.

Pemba, umbali mfupi tu kaskazini, iliguswa kidogo. Tofauti hiyo ndogo ya mwelekeo wa upepo ndiyo iliyohamisha karafuu. Bei ilipanda kwa sababu ya uhaba, Wapemba wakapanda zaidi, na tangu wakati huo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, ikitoa sehemu kubwa ya zao lote. Anayefika leo Wete au Chake Chake wakati wa mavuno, akaona majamvi ya karafuu yameanikwa kando ya barabara, anaona matokeo ya siku ile.

Habari inapanda bara

Sasa tuje nyumbani. Mwezi mmoja kabla ya tufani, tarehe 14 Machi 1872, Henry Morton Stanley, msafiri wa Kizungu aliyekuja kumtafuta mwenzake David Livingstone, aliondoka Kwihara, hapa jirani, akimwacha Livingstone katika tembe ambalo hadi leo tunawaonyesha wageni. Stanley alikuwa na haraka ya kufika pwani. Katika kitabu chake ameeleza namna masika ya mwaka ule ilivyompokea njiani: mbuga ya Mkata imegeuka ziwa, watu wanatembea kutwa nzima majini, homa, matope, mito isiyovukika. Alipofika chini ya milima ya Uluguru, akakuta Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, umebomolewa na mto Ngerengere. Ukuta wa mbele wa mji umechukuliwa na maji, na vijiji vya bondeni vimefagiliwa. Aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, wiki tatu baada ya upepo. Masika ilikuwa moja: ufukweni ilibomoa kwa upepo, mabondeni ilibomoa kwa mito. Njia ya msafara ilipita katikati ya maafa hayo yote mawili.

Livingstone alibaki Kwihara akisubiri. Stanley alikuwa amemwahidi watu wa kumpeleka mbele, na watu hao, zaidi ya 50, walitafutwa Unguja na kuondoka pwani mwishoni mwa Mei. Walifika Kwihara tarehe 14 Agosti. Fikirini watu hao walitoka wapi. Walitoka katika mji ambao mwezi mmoja na nusu tu nyuma ulikuwa umepoteza meli zake na mashamba yake. Walivuka Bagamoyo kwenye minazi iliyolala chini, wakapita bonde la Ngerengere lililopigwa, wakapanda Ugogo, wakafika hapa. Vitabu vimehifadhi majina ya baadhi yao kwa sababu waliubeba mwili wa Livingstone mwaka uliofuata, kutoka Chitambo, alikofia, hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Katika jioni walizokaa barazani Kwihara mwezi ule wa Agosti, watu wa Unyanyembe walikuwa na mashahidi wa tufani mbele yao, wanaongea Kiswahili, wanaulizwa na kujibu. Hakuna aliyekaa chini kuandika majibu yao.

Nguzo mbili za forodha

Ili tuelewe uzito wa habari hizo kwa mji huu, lazima tujue biashara ilivyokwenda. Mfanyabiashara wa Unyanyembe, awe Mwarabu, Mswahili wa Mrima au Mnyamwezi, hakuanza safari kwa fedha taslimu. Alikopa. Alikwenda Unguja kwa wakopeshaji wakubwa, kama nyumba ya Jairam Sewji iliyoshika forodha, au Taria Topan, akapewa mali: merikani, kaniki, shanga, masango ya shaba nyeupe na nyekundu, bunduki na baruti. Mali hiyo ikafungwa kwa mizigo ya wapagazi, ikalipa hongo Ugogo, ikafika hapa, ikagawanywa hadi Ujiji, Karagwe, Manyema. Miaka miwili au mitatu baadaye deni lililipwa kwa frasila za pembe za ndovu. Mkopo ulisafiri kwenda magharibi, pembe zikasafiri kwenda mashariki, na Tabora ndiyo iliyokuwa kituo cha katikati.

Katika mfumo huo dola ya Unguja ilisimama juu ya nguzo mbili: karafuu za visiwani na pembe za bara. Mwaka 1872 nguzo zote mbili zilitikisika kwa wakati mmoja. Ile ya visiwani ilipigwa na upepo. Ile ya bara ilikuwa imepigwa miezi minane kabla na Mirambo. Agosti 1871, Mirambo, mtemi wa Urambo, aliuvamia mji huu, akachoma, akaua wakubwa wa Waarabu akiwemo Khamis bin Abdallah, na akaifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Ndiyo maana Stanley alilazimika kuzunguka kusini alipokwenda kumtafuta Livingstone. Hapa Unyanyembe palikuwa na mtemi, Mkasiwa, na liwali wa sultani, Said bin Salim al-Lamki, na wote wawili walikuwa wakitazama pwani wapate msaada.

Nini kingeweza kutoka pwani mwaka ule? Barghash hakuwa na meli. Mashamba yaliyompa ushuru yalikuwa yameanguka. Hata hivyo alituma askari kuja Unyanyembe, kwa sababu bila pembe za bara hakuwa na kitu kingine cha kuegemea haraka. Tembo hawaangushwi na kimbunga. Askari hao hawakumshinda Mirambo. Vita vilivuta miaka, na amani iliyopatikana baadaye ilikuwa amani ya Mirambo mwenyewe, aliyeendelea kuwa bwana wa njia za magharibi hadi alipofariki mwaka 1884.

Wanahistoria wanaoandika juu ya Mirambo huandika vita, na wanaoandika juu ya tufani huandika karafuu. Sisi tunaokaa kwenye njia yenyewe tunapaswa kusoma habari hizo mbili pamoja. Mtawala aliyebanwa baharini aliihitaji zaidi bara, na mtemi aliyeishika bara akawa mkubwa zaidi mbele ya mtawala huyo. Mirambo alipata nafasi yake kwa akili na ujasiri wake, hilo halina ubishi. Lakini alipambana na dola ambayo mwaka ule ilikuwa na mkono mmoja.

Waliolipa

Kuna sehemu ya habari hii ambayo hatuna ruhusa ya kuipita upesi.

Shamba lililoanguka hupandwa tena kwa mikono ya watu, na mashambani Unguja na Pemba mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kutoka Uingereza akidai biashara ya watumwa ipigwe marufuku. Barghash alikataa kwanza, na hoja mojawapo aliyoitoa ilikuwa uharibifu wa tufani: mashamba yamekufa, na bila watumwa hayatainuka. Waingereza walitishia kuzingira kisiwa kwa meli zao za vita. Mtawala ambaye hana meli hata moja ya kuwajibu alitia sahihi. Mkataba ulikamilika tarehe 5 Juni 1873, soko la Unguja likafungwa, na siku ya Krismasi mwaka huohuo Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali palepale watu walipouzwa.

Lakini mikarafuu mipya ya Pemba ilihitaji mikono, na bei ya karafuu ilikuwa juu. Safari za baharini zilipozuiwa, watumwa waliswagwa kwa miguu kufuata pwani, hadi Barghash alipozipiga marufuku safari hizo za nchi kavu mwaka 1876. Wengine wao walikuwa wametolewa Manyema na kupitishwa hapa. Kwa hiyo tunapohesabu waliokufa kwa tufani ya 1872, tusiishie kwa waliozama bandarini au kuangukiwa na nyumba. Hesabu iendelee miaka ile yote ambayo watu walitembezwa na kufanyishwa kazi kwa nguvu ili miti isimame tena. Hao hawakuwahi kuona kimbunga. Waliletwa kukilipa.

Nalisema hili Tabora kwa makusudi. Mji wetu una miembe mizuri iliyopandwa na watu wa misafara, una nyumba za kale, una majina ya ukoo yanayofika hadi Maskati. Una pia sehemu katika mateso hayo. Kumbukumbu inayochagua miembe peke yake ni kumbukumbu ya uongo.

Na wapo Wanyamwezi waliokwenda pwani kwa hiari yao. Wapagazi wetu walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakiteremka kwa maelfu, na baadhi yao walibaki Bagamoyo na Unguja. Baada ya utumwa kufutwa, Wanyamwezi waliendelea kwenda visiwani kufanya kazi mashambani, na hadi leo ziko familia Unguja zinazojua kwamba asili yao ni huku. Mikarafuu iliyoota upya baada ya tufani imepita pia katika vidole vya watu wa mkoa huu.

Umri wa mtu mmoja

Sasa nifikie jambo ambalo hasa ndilo lililonileta hapa.

Baada ya 1872, kimbunga kikubwa kilichofuata kuumiza pwani ya nchi hii kilipiga Lindi, Aprili 1952. Kati ya viwili hivyo ni miaka 80. Kisha vikaja vya wakati wetu. Tarehe 25 Aprili 2019, Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, karibu kabisa na Mtwara, na watu wa Mtwara walikaa kwa tahadhari kubwa. Aprili 2021 Jobo kilielekea kwetu, kikadhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, tarehe 4, nacho kikiwa kinapungua nguvu. Vivuko kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika Somanga kwa mvua. Kutoka 1952 hadi 2024 ni miaka 72.

Tazameni miaka hiyo: 80, halafu 72. Ni umri wa mtu mmoja aliyejaliwa kuishi sana. Mtoto aliyeona tufani ya kwanza anakufa kabla ya ile inayofuata, au anabaki mzee mmoja barazani ambaye vijana wanadhani anatia chumvi. Watu wa pwani, kama sisi, walihesabu umri kwa matukio: fulani alizaliwa mwaka wa njaa, fulani alibalehe mwaka wa vita, fulani aliolewa mwaka wa tufani. Hesabu hiyo hufanya kazi vizuri kwa mambo yanayojirudia kila kizazi. Kwa jambo linalokuja mara moja katika umri mzima wa mtu, hesabu hiyo hukatika.

Sasa tazameni miezi. 1872, Aprili. 1952, Aprili. 2019, Aprili. 2021, Aprili. 2024, mwanzoni mwa Mei. Tufani zetu chache zimekuja wakati uleule: maleleji, kaskazi imekwisha, kusi haijashika, masika imejaa na mito iko juu. Haya ndiyo maarifa ambayo kumbukumbu ikitunzwa inaweza kutupa. Mtu mmoja hawezi kuyapata kwa maisha yake. Yanapatikana kwa kuunganisha mashahidi wa vizazi vitatu au vinne, mmoja wa Unguja, mmoja wa Lindi, mmoja wa Mafia. Na yanatuambia kwamba upepo wa aina hii hauji peke yake. Unakuta ardhi imekwisha kushiba maji, kama Stanley alivyoikuta Mkata.

Njia ileile, reli ileile

Kuna atakayesema: hayo ni ya pwani, sisi tuko mita 1,200 juu ya bahari, mvua yetu inaanza Novemba na kwisha Aprili, kimbunga hakitufikii. Nina majibu mawili.

La kwanza ni Malawi. Nchi ile haina pwani, kama mkoa huu usivyo na pwani. Machi 2023 kimbunga Freddy, baada ya kutembea katika Bahari ya Hindi kwa zaidi ya mwezi, kiliingia Msumbiji na kumwaga maji yake kusini mwa Malawi. Milima iliporomoka juu ya makazi ya watu Blantyre usiku, na zaidi ya watu 1,000 walikufa au kupotea. Watu hao walikuwa mbali na bahari.

La pili liko karibu zaidi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wahandisi wa Kijerumani waliifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Ili kupanda kutoka tambarare za Morogoro kwenda Dodoma, ilibidi wapite bonde la Mkondoa, Kilosa, hapohapo wapagazi walipopita. Bonde ni lilelile, mto ni uleule. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Kilosa yaliibomoa reli, na treni za kuja huku zikasimama kwa miezi. Tabora haikupigwa na tone la mvua ile, lakini mizigo ya Tabora ilisimama, bei za Tabora zikapanda, wasafiri wa Tabora na Kigoma wakakwama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1872. Sasa reli mpya ya kisasa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na ujenzi unakuja huku. Itakuwa ya haraka zaidi, na tutaitegemea zaidi. Kadiri tunavyofungamana na bandari, ndivyo hali ya hewa ya bandari inavyokuwa mali yetu.

Kazi iliyo mbele yetu

Tunayoyajua kuhusu tufani ya 1872 tumeyapata kwa wageni: John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, mapadri wa Bagamoyo, Stanley. Nawashukuru kwa kuandika. Lakini sauti ya baharia wa jahazi haimo, wala ya mwanamke wa Ng'ambo, Unguja, aliyetafuta watoto wake chini ya makuti, wala ya mpagazi aliyeleta habari hapa. Na tusisingizie kwamba watu wetu hawakuwa na kalamu. Pwani iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa hapa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Tufani ilipovuma yeye alikuwa bara, na hakurudi Unguja hadi 1882. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliacha kitabu kizima juu ya desturi za watu wa pwani. Uwezo ulikuwapo. Kilichokosekana ni mazoea ya kuona kwamba upepo na mvua ni historia inayostahili kuandikwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Shule zetu, na Tabora ina shule za heshima tangu 1922, ziwape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee juu ya mvua, mafuriko, ukame na upepo wanaoukumbuka, pamoja na wazee waliofanya kazi reli na waliokwenda mashamba ya pwani. Majibu yaandikwe kwa mwaka na mwezi, yahifadhiwe shuleni, na nakala ipelekwe Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Jumba la makumbusho la Kwihara, linalosimulia habari za Livingstone, liweke ukuta mmoja kwa ajili ya masika ya 1872: ramani ya njia, Unguja, Bagamoyo, Simbamwene, Mkata, Unyanyembe, na tarehe zake. Mgeni ajue kwamba yule mzee alisubiri hapa katika mwaka wa maafa, na kwamba waliomfikia walipita ndani yake.

Na tarehe 15 Aprili iwe siku ya somo hili katika shule za njia nzima, kutoka Unguja hadi Ujiji. Iwe siku ya kufundisha, na isiwe sikukuu: kimbunga hutokeaje, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwaje, mto wa karibu hupita wapi ukifurika, nani abebe mgonjwa na nani abebe mtoto. Tarehe hiyo huangukia masika, wakati ambapo somo linahitajika kuliko siku nyingine yoyote.

Mfanyabiashara wa Unyanyembe aliyekopa nguo Unguja mwanzoni mwa 1872 hakuwa na chombo cha kumwambia kinachokuja, wala babu wa kumsimulia kwamba kiliwahi kuja. Sisi leo tunaona kimbunga kikizaliwa siku kadhaa kabla hakijafika, na tunajua miaka, miezi na mabonde yaliyopigwa. Hidaya kilipokaribia mwaka 2024, onyo lilitoka mapema na vyombo vikabaki bandarini. Maisha yaliokolewa kwa watu kuamini walichoambiwa. Watu huamini onyo pale wanapokuwa na kumbukumbu ya kulilinganisha nalo. Kumbukumbu hiyo tukiwapa watoto wetu sasa, wa pwani na wa bara kwa pamoja, tufani ijayo itakuta mashahidi.